Kazi yangu ni hina na piko, sina peslipu (karatasi ya mshahara). Nitapata mkopo wa nyumba kweli?

Mpakahina_Msa

Asalaam aleikum, na wale wengine hamjambo. Naomba mnisome mpaka mwisho, hii kitu imenikosesha usingizi wiki mbili sasa.

Mie kazi yangu ni hina na piko. Napaka maharusi, nawafanyia singo, na wiki isiyo na harusi nakaa nyumbani naunga udi nauzia wateja wangu wa zamani. Nimeanza nikiwa na miaka 20 saa hii nina 33, sijaandikwa na mtu hata siku moja. Bi harusi mmoja anaweza kunipa elfu 8, mwengine elfu 15 ukihisabu mamake na somo yake na wapambe wote, na ikiingia Agosti au Disemba au ile Shaaban kabla watu hawajafunga basi naamka alfajiri narudi usiku wa manane vidole haviinuki. Halafu Ramadhani inaingia hakuna harusi hata moja mpaka ule usiku wa kuamkia Idd ndio foleni inafika mpaka nje ya geti. Kwa hivyo kuna mwezi wa laki na nusu na kuna mwezi wa elfu 30. Nikipiga wastani naona ni kama elfu 90 kwa mwezi, na nikitoa hina, mafuta, nauli na yule msichana anayenisaidia nabaki na kama elfu 50 hivi.

Nimeachika, nina watoto wawili. Miaka mitano tumehama mara tatu, mara mwenye nyumba ameuza, mara anataka kumuweka mwanawe, mara kodi imepanda tu. Mwanangu mdogo ameanza kuniuliza "hapa tutakaa mpaka lini." Nimeona fleti ya vyumba viwili Kiembeni milioni 4.2. Nimeweka laki 9, nyingine chama nyingine benki.

Nikaenda benki. Afisa alikuwa kijana mpole wala hakunidharau. Aliuliza peslipu sina, hesabu za biashara sina, akaomba riteni za KRA, wale watu wa kodi, nikampa kwa furaha kwa sababu hizo ninazo, kila Juni naenda saiba nalipa shilingi 200 kijana ananifailia. Akazitazama, akanigeuzia skrini, akaniambia "dada, hapa umesema miaka saba mfululizo huna mapato hata shilingi." Kumbe miaka yote hiyo nimekuwa nikifailiwa nil! Wallahi nilidhani kufaili ni kufaili.

Sasa nauliza. Nikienda KRA leo nikasema ukweli nitashtakiwa? Na kuna benki inayokubali pesa za mkono kwa mkono kama zangu? Na kama iko njia isiyo na riba nitashukuru zaidi, roho yangu inataka hiyo.

ChapChap01

Dada usijisumbue, kuna vijana wanatoa peslipu safi na steitimenti ya miezi sita, elfu 5 tu. Rafiki yangu alipata loni hivo hivo.

NilikuwaMikopo

Dada mpaka hina, tafadhali usimsikize huyu wa hapa juu. Nimefanya idara ya mikopo miaka 9, nimetoka juzi juzi, na nimeona watu wakitolewa benki na polisi kwa sababu ya hizo karatasi za elfu 5. Ya mkopo mdogo wa simu labda mtu hatazami. Ya nyumba ya milioni 4 wanapiga simu kwa huyo mwajiri, wanatazama kama mshahara wa peslipu unalingana na ule ulioko KRA, wanatazama NSSF (ile akiba ya uzeeni), na steitimenti wanaiitisha wenyewe kutoka benki iliyoitoa. Kughushi ni kifungo mpaka miaka 3. Na wewe una watoto wawili wanaokungoja nyumbani.

Sasa nikueleze kitu ambacho huyo kijana hakukueleza, pengine kwa haraka. Kukosa peslipu sio kulikokuangusha. Nimepitisha mikopo ya watu wa magari, wauza samaki, mafundi cherehani, mama mmoja anauza mahamri na mbaazi kwa jumla. Wote hawana peslipu. Kilichokuangusha ni kwamba karatasi zako mbili zinapingana. M-Pesa yako inasema milioni moja kwa mwaka, riteni yako inasema sifuri, na wewe umesaini zote mbili. Afisa akipeleka faili kama hiyo mbele ya kamati, swali la kwanza ni "sasa anadanganya wapi, huku au kule?" na hapo imekwisha hata kama unaingiza milioni kwa mwezi.

Kamati inataka kuona mapato yana mpangilio. Kwako wewe msimu sio ubaya, ubaya ni msimu usioelezeka. Ukiweka daftari linaloonyesha kwamba kila Ramadhani unashuka na kila Agosti unapanda, na steitimenti ya miezi 12 inasema vile vile, hiyo ni biashara inayojulikana. Lakini watapiga hesabu kwa miezi yako ya chini, sio ile ya laki na nusu, na watatumia kile kinachobaki baada ya gharama.

Hebu tupige hesabu yenyewe. Nyumba milioni 4.2, ukitoa asilimia 20 ni 840,000, unabaki na mkopo wa 3,360,000. Kwa riba ya asilimia 15 miaka 15 ni kama 47,000 kila mwezi. Unabakiwa na elfu 50. Haiwezi, na ukweli hata benki ikikubali mie ningekuomba ukatae. Lakini kuna mikopo inayopitia KMRC, hii ni kampuni ya serikali na mabenki na baadhi ya SACCO (vyama vya akiba na mikopo), iliundwa 2018, kazi yake ni kuwapa hao wakopeshaji pesa za bei nafuu ili nao wakopeshe watu wa kawaida kwa riba ya chini ya asilimia 10. Kwa 9.5 mkopo ule ule unakuwa kama 35,000 kwa mwezi. Tofauti ya elfu 12 kila mwezi kwa miaka 15. Kwa hivyo ukiingia mahali popote swali la kwanza ni "mnatoa ule wa KMRC?" na usitoke mpaka ujibiwe.

Mambo mawili ya kuanza kesho. Moja, tenganisha pesa. Saa hii nina hakika M-Pesa yako ina pesa ya bi harusi, ya dada yako amekutumia ya mgonjwa, ya chama, ya shule, zote zimechanganyika na afisa hawezi kujua ipi ni mapato. Chukua Pochi la Biashara au Till, hizi namba za M-Pesa za biashara, kila mteja alipe huko, akikupa taslimu peleka benki siku hiyo hiyo kiasi kile kile. Pili, itisha ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka rekodi za madeni, moja kwa mwaka ni haki yako bure, nimeona mtu akinyimwa nyumba kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, aliyoisahau kwa laini ya zamani.

HesabuNaKodi

Nitajibu hili la KRA tu kwa sababu ndilo linalokutisha.

Kujitokeza mwenyewe ni tofauti na kukamatwa. Riteni inaweza kurekebishwa kwenye iTax, ule mtandao wa KRA, kuna kitu kinaitwa riteni ya marekebisho, na sheria inarudi nyuma miaka 5. Ukirekebisha utadaiwa kodi yenyewe, juu yake asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kulikuwa na msamaha wa faini na riba kwa madeni ya mpaka Disemba 2023, ulifungwa 30 Juni 2025, ungeukuta ungekusaidia sana lakini basi. KRA wanakubali kulipwa kidogo kidogo ukiandika ombi la kulipa kwa awamu, na hiyo barua ya makubaliano pamoja na risiti za malipo ni kitu unachoweza kuweka mezani benki.

Sasa sikiza hapa vizuri dada. Mauzo yako kwa mwaka ni kama 1,080,000. Mtu mwenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 anaingia kwenye kodi ya mauzo, ile TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, unafaili na kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hesabu yake ni 32,400 kwa mwaka, yaani 2,700 kwa mwezi. Ukiwa kwenye ile kodi ya kawaida ya mapato, faida yako ya laki 6 kwa mwaka ingekuletea kama 88,600 baada ya ile nafuu ya 28,800 kutolewa. Umeona tofauti? Watu wengi wanakimbia KRA kwa sababu wanadhani watanyang'anywa theluthi, kumbe mfanyabiashara mdogo wa kiwango chako analipa chini ya shilingi mia kwa siku. TOT haikuruhusu kutoa gharama, kwa hivyo mwenye gharama kubwa sana haimfai, lakini kazi ya hina gharama yake ni mikono yako.

Ile miaka ambayo mauzo yalikuwa chini ya milioni, hiyo haingii TOT, inarudi kodi ya kawaida, na hapo usikae na kijana wa saiba. Tafuta mhasibu mwenye leseni ukae naye mwaka kwa mwaka na steitimenti zako. Huyo wa saiba simlaumu sana, anabonyeza nil kwa kila anayekuja kwa sababu inachukua dakika mbili. Ila sahihi ni yako.

MashuaMbili

Mwanangu, shikamoo nshaipokea hata kama hujanipa. Mie ni mvuvi, nna mashua mbili pale Likoni, na mie pia sijaona peslipu maishani. Samaki wanauzwa ufuoni, pesa mkononi, kusi likivuma hatutoki miezi, ndio ile Ramadhani yako wewe.

Nyumba yangu nimeipata kwa SACCO. Haikuwa haraka. Nlianza kuweka elfu 10 kila mwezi, mwezi mbaya elfu 3 lakini sikuruka hata mmoja, maana wale watu wanatazama kama umeruka. Miaka mitatu nikawa na laki 3 na kitu, wakanipa mara tatu yake. Wadhamini wanne, wawili ni walimu, mmoja ni shemeji yangu wa bandarini, mmoja mvuvi mwenzangu. Nikanunua ploti. Nikalipa nikamaliza, nikachukua tena, nikajenga. Nkwambie ukweli wale wadhamini wananitazama kila ijumaa msikitini, huwezi kuchelewa kulipa.

Lakini lililonifanya niandike ni jengine. Utaambiwa na watu achana na benki, nunua ploti Kisauni au Mtongwe ujenge pole pole. Mie sikatai, ndivyo nlivyofanya. Ila ujue Mombasa tuna nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi ni mwengine, wewe wajenga juu yake walipa kodi ya ardhi kidogo kila mwezi, na watu wamekaa hivo tangu babu zao. Ndugu yangu alijenga ya mawe, vyumba sita, alitumia pesa yote ya miaka kumi ya Uarabuni. Siku moja kakuja mtu na wakili na hati, ardhi ishauzwa. Nyumba ni yake, ardhi si yake, akaambiwa achukue nyumba yake aende nayo. Ile nyumba mie nlibeba mawe yake. Alilipwa kitu kidogo baada ya kesi ya miaka na alikufa hajajenga nyengine.

Kwa hivyo popote utakaponunua, iwe fleti iwe ploti, fanya sachi ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, uone hati ni ya nani, usikubali kopi ya hati kutoka kwa ajenti. Na fleti uliza kama kila nyumba ina hati yake, ile sheria ya 2020 inaruhusu. Kama hati ni moja ya jumba zima na wewe wapewa karatasi ya makubaliano tu, na mwenye jumba ana deni benki, utalala siku moja uamke jumba lapigwa mnada.

UmmuBamburi

Mashallah mzee umenitoa machozi na habari ya nduguyo, Mungu amrehemu.

Mpaka hina, kuhusu riba. Mie na mume wangu tulichukua kwa benki ya Kiislamu hapa hapa Mombasa, zipo tangu 2008 na hata mabenki ya kawaida mengine yana dirisha la Kiislamu. Yetu ni ile musharaka ya kupungua. Mnainunua nyumba pamoja, tuseme wewe asilimia 20 benki 80, halafu kila mwezi unalipa vitu viwili, kodi ya ile sehemu ya benki na kipande cha kununua sehemu yao, kila unaponunua kodi inapungua mpaka nyumba yote inakuwa yako. Ukichelewa kuna malipo lakini wanayapeleka sadaka hawayali wao, angalau kwenye mkataba wetu ndivyo ilivyoandikwa.

Ila nisikudanganye kwamba ni rahisi. Karatasi walizotutaka ni zile zile, steitimenti ya mwaka, riteni za KRA, leseni ya biashara ya kaunti. Na ukijumlisha unacholipa mwezi kwa mwezi hakikuwa mbali na benki ya kawaida. Mie nlikubali kwa sababu ya dini yangu sio kwa sababu ya bei, na nadhani ni vizuri uingie ukijua hivyo. Uwaulize wazi kodi inapangwa vipi na inaweza kupanda lini.

Ah na leseni ya kaunti unayo? Wapaka hina wengi hatuna maana tunafanyia majumbani.

Bajaji_ya_Tudor

Mbona hakuna anayemwambia kuhusu zile nyumba za serikali? Boma Yangu unajiandikisha na kitambulisho na pini ya KRA tu, unaweka kidogo kidogo mpaka ufike dipoziti. Na ukinunua kule kwa mara ya kwanza huna ile stampu duti, ushuru wa kuhamisha hati. Hapa kuna za Buxton na Changamwe. Mie nimejiandikisha naweka elfu 2 kwa wiki kutoka kwa tuktuk.

NilikuwaMikopo

Kweli kabisa kaka, na umenikumbusha kitu nlichokisahau nacho ni kikubwa. Mpaka hina, laki 9 yako haitoshi kwa hiyo nyumba ya Kiembeni. Dipoziti ni 840,000 unabaki na 60,000. Stampu duti mjini ni asilimia 4 ya bei, kwa milioni 4.2 hiyo ni 168,000. Bado wakili wako, wakili wa benki ambaye pia unamlipa wewe, mtu wa kuthamini nyumba, bima. Jiwekee 350,000 juu ya dipoziti kwa uchache. Nimeona watu wamepewa ofa wakaikosa nyumba kwa sababu ya hizi gharama, na dipoziti iko mikononi mwa muuzaji ikawa vita kuirudisha.

Ajenti amekuomba pesa ya kushikilia nyumba?

Mpakahina_Msa

Jamani Mungu awalipe. Nimesoma yote mara mbili, la mzee nimesoma nikasimama nikatoka nje kidogo. Shikamoo mzee wangu, nimeileta sasa.

Ndio ajenti aliniomba elfu 50 ya kushikilia, nlikuwa nimuingizie Ijumaa. Nimempigia asubuhi hii nimemuuliza hati ya nyumba iko kwa jina la nani, akasema "hizo ni mambo za baadaye." Nimemwambia basi na elfu 50 ni ya baadaye.

Jana nilikwenda Huduma Senta. Mama wa kaunta ya KRA hakunifunga pingu 😅 alinisikiza, akaniongezea TOT kwenye pini yangu hapo hapo, akaniambia mwezi huu nifaili kabla ya tarehe 20. Ile miaka ya nyuma nimepata mhasibu pale Makupa, anataka steitimenti za miaka mitano, nimeanza kuzitoa. Nilitazama ile ya 2022 nikaona pesa zangu zote zilizopita mkononi, sikuwahi kujua ni nyingi hivyo. Nimefungua na Pochi, namba nimebandika kwenye kikapu changu cha hina.

@UmmuBamburi leseni sina. Ya kazi ya nyumbani inaitwaje pale kaunti, na wewe ulilipa ngapi?

UmmuBamburi

Yangu mimi ni ya duka la nguo kwa hivyo bei haitalingana na yako. Waambie ni huduma za urembo usiseme saluni, maana wakiandika saluni watataka kuja kukagua chumba na sinki. Jumatatu nina shughuli mjini, tukutane mlangoni pa kaunti saa tatu twende pamoja kaunta, nami nataka kuuliza ya dada yangu.

Mpakahina_Msa

Saa tatu inshallah. Nitavaa mtandio wa kijani.